Mbuzi wa Ntheo na Pawaso Mbili

Kwa wiki tatu kulikuwa na mbuzi dume mweupe amefungwa nyuma ya jiko letu, na kwa sababu yake mimi, Muthoki, sikuwa nimeolewa na wala sikuwa huru. Nina miaka thelathini na minne. Ni fundi wa pampu za maji. Wakulima wa kando ya mto hapa Kibwezi, pampu ikizima kabla nyanya hazijanywa maji, hunipigia mimi simu kwanza, Mungu baadaye. Mtu wa kazi kama yangu hajazoea kumngoja mbuzi.

Kwa wasiojua: kwetu Ukambani unaweza kuvishwa pete, ukapigwa picha, ukatangazwa hata kanisani, lakini bila mbuzi watatu wa ntheo hayo yote ni mapambo. Majike wawili hubaki kwa baba wa msichana. Dume huchinjwa siku ileile, na pande zote mbili humla pamoja. Akishaliwa, umeolewa. Asipoliwa, hujaolewa, hata kama mchumba wako ni kama Mutiso wangu, mwalimu mpole aliyengoja miaka minne bila kunung'unika.

Wetu hakuliwa. Aliokolewa na pawaso.

Pawaso ni msumeno wa injini. Baba yangu, Mzee Nzuki, aliishi kwa huo msumeno miaka ishirini na mitano, akipasua mbao za mukau kutoka hapa mpaka Mutomo. Baba yake Mutiso, Mzee Kimeu wa Kwa Vonza, naye alikuwa mpasuaji mbao kwao Kitui. Nilipolijua hilo nilifurahi sana, nikasema wazee hawatakosa la kuongea. Huo ndio ujinga wangu wa mwaka huu.

Siku ya ntheo waliongea vizuri kwa robo saa nzima. Walikaa chini ya turubai, baba akaeleza jinsi alivyokuwa akipaka uzi unga mweusi wa betri kuukuu, anautandaza juu ya gogo, anauvuta na kuuachilia upige mstari ulionyooka. Kimeu nusura aanguke kitini. Hata yeye alifanya hivyohivyo! Wakashikana mikono. Kisu kilikuwa kinanolewa. Mama yangu, Mwongeli, alikuwa amekwisha bandika sufuria. Mjomba Mbuvi, msemaji wa upande wetu, alikuwa amelegeza tai, maana yake amemaliza maneno na sasa anangoja nyama.

Ndipo baba akauliza, "Na wewe ulikuwa unatumia gani?"

"Kingsdale," Kimeu akajibu. "Ile ya kijani."

Baba akauachilia mkono wake.

"Hiyo si pawaso," akasema. "Hiyo ni kitu ya kufukuza nyani. Walichukua Torvik, hii nyekundu yangu, wakaiga, wakapaka kijani ndio wauzie watu wa Kitui."

"Nani aliiga nani? Kingsdale ni ya Mwingereza! Torvik yako inakunywa petroli kushinda lori."

"Mwingereza alijua kutengeneza nini? Chai?"

Mjomba Mbuvi alijaribu kuleta habari za mvua. Hakuna aliyemsikia. Baba alisimama, akasema maneno ambayo nikiyakumbuka hata sasa damu inanichemka: "Mtu amekata miti miaka ishirini na feki na hakujua. Huyo ndiye nimpatie mtoto yangu?"

Kimeu naye akasimama, akavaa kofia, akaondoka na watu wake. Aliona aibu kuwachukua mbuzi papo hapo. Baba naye aliona aibu kumchinja mbuzi wa mtu aliyemtukana. Basi dume akabaki amefungwa, na mimi nikabaki hivyo hivyo.

Mbuzi huyo hakuwa na adabu. Wiki ya kwanza alikula ndala za baba. Wiki ya pili akala pazia la bafu na nusu ya kitabu cha nyimbo cha mama, kuanzia tenzi za toba mpaka za Krismasi. Mama alikuwa akimpitia na maji ya mboga akimwambia, "Kula, baba. Wewe ndiye mkwe pekee tuliye naye."

Nilikasirika kwa sababu baba hakuwa mtu wa hivyo. Ni mzee wa kanisa, ni mcheshi, na Mutiso anampenda. Lakini kila nilipogusa habari ya ntheo aliingia chumbani na kutoka na Torvik yake. Tangu zamani ilikuwa pia desturi yake ya kila Jumamosi asubuhi: anaifuta, anaiweka juu ya gunia, kisha ananiita. Mimi ndiye niliyevuta kamba ya kuiwasha. Navuta mara ishirini, thelathini, injini inakohoa mara moja na kunyamaza, kwa sababu koili yake, ile ya kutoa cheche, ilikuwa imechoka na koili nyingine ya Torvik haikuwepo Kenya nzima. Baba akisikia kikohozi kile anatikisa kichwa, ameridhika, anairudisha chumbani. Nilidhani ananiachia kamba kwa kuwa mimi ni fundi.

Jumatano ya wiki ya tatu Mutiso akanipigia.

"Baba anasema Jumamosi anakuja na pikapu," akasema. "Anachukua mbuzi wote watatu."

Mbuzi wa ntheo wakirudi walikotoka, neno limekwisha, hakuna wa kuwaleta tena.

"Nimemwomba," Mutiso akaongeza. "Nimemwomba mpaka nimechoka, Muthoki."

"Usimwombe tena. Mwambie aje. Na mwambie baba yangu amesema ile Kingsdale haiwezi kuwaka hata ikiwekewa mikono na askofu."

"Amesema hivyo?"

"Nitamwambia aseme."

Nilikuwa na wazo moja. Mimi nimefungua pampu za kila rangi, na najua chuma hakisomi jina lililobandikwa juu yake. Alhamisi nikaondoka alfajiri kwenda Kyuso, kaskazini kabisa mwa Kitui, kwa mtu anayeitwa Salat. Salat anauza kamba za ngamia, ndoo za kunyweshea mifugo, na spea za mashine ambazo dunia imeshazisahau. Marehemu baba yake, Mzee Aftin, alinunua stoo nzima ya kampuni moja ya Mombasa iliyofunga zamani, akidhani ndani kuna mabati. Ndani kulikuwa na pawaso, spea zake, ingawa koili ziliisha zamani, na vitabu.

Nilimweleza shida yangu. Salat akanipa chai ya maziwa ya ngamia, akacheka mpaka akafuta macho.

"Dada, wewe unaulizia ukoo ya chuma," akasema. "Hiyo mimi naweza. Sisi ukoo ndio masomo yetu ya kwanza."

Akavuta kitabu kinene kilichokuwa na harufu ya dawa ya panya, akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Torvik alikuwa mtu ya cherehani. Cherehani ikamshinda, akaingia pawaso. Miaka sita, akafilisika. Jina yake ikanunuliwa na watu ya mashua. Hao hawana kiwanda ya pawaso. Wakaenda kwa Mwitaliano mmoja wakamwambia, tutengenezee, weka hii jina yetu. Tuko pamoja?"

"Tuko."

"Sasa Kingsdale. Huyo Mwingereza maisha yake yote ni mashine ya kukata nyasi. Pawaso hajatengeneza hata moja. Akitaka kuuza pawaso anaenda wapi?"

"Kwa Mwitaliano?"

"Wallahi! Mlango ileile. Na huyo Mwitaliano, koili ananunua kwa Mjapani, kabureta kwa Mwamerika. Kuna ya manjano iliuzwa Tanzania, kuna ya samawati iliuzwa Sudani. Zote mama ni mmoja. Ukiondoa kifuniko cha kamba, ndani utapata samaki watatu wamegongwa kwa chuma kama muhuri. Hiyo ndio alama ya Mwitaliano."

"Kwa hivyo ipi ni orijino?"

"Hakuna. Na ngoja, bado." Salat alikuwa akifurahia sasa, akafungua nyuma ya kitabu palipobandikwa barua za zamani. "Mwaka huu hapa, agenti wa Mombasa anataka kijani na Mwitaliano ako na nyekundu peke yake. Mwaka huu mwingine, nyekundu zimeisha, ziko kijani. Anafanya nini?"

"Anapaka rangi juu."

"Wewe ungekuwa mtu wa kwetu," Salat akasema.

Kitabu alikataa kuniuzia, akasema ni cha marehemu. Lakini alinitolea nakala ya kurasa nne kwenye duka la jirani, na ukoo wote wa zile pawaso nikauweka mkobani. Nilirudi Kibwezi nikiwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa nimeolewa tayari, kilichobaki ni kuwasomea.

Jumamosi asubuhi niliweka karatasi zile juu ya kigoda nje ya jiko, nikaenda kuosha uso. Niliporudi mbuzi alikuwa anameza ya nne.

Sitaandika niliyomwambia mbuzi yule. Mama ni mtu wa kanisa na aliyasikia yote.

Saa nne pikapu ya Kimeu ikaingia uani. Mutiso alikuwa anaendesha, macho mekundu. Mzee Kimeu alishuka ameikumbatia Kingsdale yake kifuani, na kabla ya salamu akasema, "Nani amesema hii haiwaki?"

"Ni mimi," baba akajibu, ingawa nilimfundisha maneno hayo jana yake tu. Aliyatamka vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Wekeni zote mbili hapa," nikasema, na nikatandika gunia juu ya meza ileile iliyokosa nyama wiki tatu. "Wazee wangu, mbuzi hawatoki hapa kabla sijamaliza. Mjomba Mbuvi, wewe ni shahidi. Funga tai yako."

Nikafungua vifuniko vya kamba. Nikafuta grisi kwa kitambaa. Ndani ya nyekundu, samaki watatu. Ndani ya kijani, samaki watatu, wanaangalia upande uleule.

"Hawa wa Kingsdale waliiga hata samaki," baba akasema.

Sikumjibu. Nilichukua kisu, nikakwangua ubavu wa Kingsdale. Chini ya kijani kukatokea nyekundu. Kimeu akatoa sauti ndogo. Baba akaanza kucheka, na nilipoikwangua Torvik yake akaacha, kwa sababu chini ya nyekundu kulikuwa na kijani kibichi kabisa. Nikawaeleza habari ya Mwitaliano, ya cherehani, ya mashua na ya nyasi. Nikatoa koili kwenye Kingsdale, ambayo kabureta yake ilikuwa imekufa, nikaifunga kwenye Torvik. Skrubu ziliingia bila kusukumwa.

Kisha Mjomba Mbuvi, ambaye niliwahi kumheshimu, akainua mkono.

"Kuna jambo," akasema. "Kama hizi mashine mama yao ni mmoja, na hawa wazee kila mmoja amekula kwa hiyo mashine maisha yake yote, si hawa sasa ni kama watu wa ukoo moja? Na ukoo moja haioani. Mimi nauliza tu."

"Mjomba!" nikapiga kelele. "Wiki tatu mlikataa kwa sababu pawaso ni tofauti! Leo mnakataa kwa sababu ni ndugu?"

"Mimi nauliza tu," akarudia. "Lazima tuone hizo karatasi za ukoo. Ziko wapi?"

Nilitaka kulia. Mama akajibu badala yangu, mikono kiunoni. "Karatasi ziko ndani ya tumbo ya mbuzi. Mwenye anataka kuzisoma alete kisu."

Mutiso alicheka, halafu akajizuia, lakini Kimeu alikuwa amekwisha kucheka pia. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya Torvik.

"Kwanza iwake," akasema. "Leo nitavuta mwenyewe."

Akaegemeza kiwiko juu ya mpini, akashika kamba. Akavuta. Kamba ikamponyoka, ikarudi. Akavuta tena, ikaponyoka tena. "Hii kamba imekuwa ngumu," akasema.

"Niachie mimi," Kimeu akasema, akamsogeza kwa bega. Akashika, akavuta, kamba ikamtoka vidoleni vivyo hivyo. "Kweli ni ngumu."

Kamba haikuwa ngumu. Niliibadilisha mimi mwenyewe mwezi wa pili. Nikaiangalia mikono yao pale mezani, minne, na nikaona nilichokuwa nikikiona miaka yote bila kukijua. Vidole vya baba vilikuwa vyeupe kwenye ncha, vimekunjika, havifungi. Vya Kimeu vilikuwa hivyohivyo. Miaka ishirini na zaidi ya kutetemeshwa na ile injini ilikuwa imekula damu yote mle ndani. Nikakumbuka vifungo vya shati ambavyo mama humfungia siku ya kanisa, na kikombe anachoshika kwa viganja viwili, na kila Jumamosi anaponiita nivute. Nilikuwa najiona fundi. Kumbe nilikuwa mikono yake.

"Tangu lini, baba?" nikamwuliza.

Hakuniangalia. "Ukienda Kwa Vonza," akasema polepole, "nani atanivutia hii kamba?"

Hapo hasira yangu yote ikaniishia, hata nikaikosa. Nilikuwa nimesafiri mpaka Kyuso kutafuta ukoo wa chuma, na jambo lenyewe lilikuwa hapa nyumbani, limefungwa vifungo na mama kila Jumapili.

Kimeu alikohoa. "Yangu inavutwa na Mutiso," akasema. "Kuvaa viatu pia ni yeye. Mimi nilifikiria wewe bado una mikono. Ulivyonitukana siku ile na nguvu, nikasema huyu mzee bado ana mikono."

"Nilikuona umeweka mikono yako kwa mfuko ya koti," baba akasema, "nikafikiria ni maringo."

Wakatazamana. Kisha baba akamgeukia Mutiso na kumwuliza kama barabara ya kutoka Kwa Vonza mpaka hapa bado ni nzuri. Mutiso akasema ni lami tupu, na kwamba Jumamosi hakuna shule. Baba akatikisa kichwa vile anavyotikisa akisikia injini imekohoa.

"Vuta," akaniambia.

Nikavuta mara moja. Torvik, au Kingsdale, au yule Mwitaliano, iliwaka kwa mngurumo ambao uani kwetu haujasikika miaka sita. Kuku walikimbia. Mbuzi alikata kamba yake na kupita kati ya miguu ya Mjomba Mbuvi, na Mutiso, ambaye sijawahi kumwona akikimbia, alimfukuza mpaka kwenye shamba la pojo akarudi naye mabegani. Wazee wawili hawakugeuka hata kuangalia. Walikuwa wameinama juu ya injini, kila mmoja ameweka viganja vyake juu ya kifuniko kinachotetemeka, na walikuwa wakibishana kwa sauti ya juu kama mlio ule ni wa Kijapani au wa Kiitaliano.

Tulichinja saa sita. Mjomba Mbuvi ndiye aliyepasua tumbo, akatangaza kwamba ukoo hausomeki tena, kwa hivyo hana pingamizi. Kuhusu pawaso yenyewe hawajaelewana mpaka leo. Inakaa mwezi mmoja kwetu na mwezi mmoja Kwa Vonza, na kila inapohamishwa, anayeipokea huipaka rangi yake.

Nyama ilipoiva, mama akamkatia baba kipande cha kwanza. Alijaribu kukishika kwa vidole, kikateleza kikaanguka kwenye sahani, watu wote wakaangalia pembeni. Kimeu akanyoosha mkono akakibana upande mmoja kwa viganja, baba akakibana upande wa pili, na hivyo wawili wakakiinua. Baba akauma, akatafuna, akameza. Hapo ndipo nilipoolewa.